Pikipiki Yenye Namba Mbili

Spana za marehemu Doto Mkude hazikuwahi kukaa sawa kwenye nati yoyote pale Kilosa. Binti yake, Sikuzani, alizirithi zikiwa zimefungwa kwenye gunia la katani. Alipofungua kibanda chake cha kutengeneza pikipiki karibu na stesheni, alizijaribu kwenye kila kilicholetwa: Boxer, TVS, SanLG, hata pampu ya maji ya jirani. Nyingine zilikataa kuingia, nyingine ziliingia zikacheza. Mtu mwingine angezipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyo hiyo. Sikuzani alizitundika ukutani, akawa anazifuta vumbi kila Ijumaa, na mteja akiuliza ni za nini alijibiwa "Za baba," kwa sauti ambayo ilimfanya aulize habari za mvua.

Ukali huo ulikuwa na chanzo chake, na wenye umri wa kutosha pale mjini walikijua. Mwaka 1979 Doto alikuwa fundi anayeaminiwa kuliko wote kuanzia Kimamba hadi Kidete. Kule Msowero alikuwapo mfugaji mmoja, Ngoitiko, aliyewahi kuuza ng'ombe wa maana akanunua pikipiki ya BSA kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Hebu mwone: rubega nyekundu, fimbo imelazwa mapajani, na chuma cha Kiingereza kinaunguruma chini yake katika barabara ya vumbi. Watoto waliacha masomo kumtazama. Kisha pikipiki ikaanza kupoteza nguvu, akaipeleka kwa Doto.

Doto alikaa nayo siku tisa. Ngoitiko alipokuja kuichukua, akaiwasha, akakunja uso. Mlio haukuwa ule. Pikipiki yake ilikuwa na mdundo wake, ngo-ngo-ngo, aliouzoea miaka kumi na moja na kuutambua hata ikiendeshwa na mtu mwingine ng'ambo ya mto. Hii ilikuwa inanguruma laini, bila kugonga. Akashuka, akafuta grisi kwa pindo la rubega, akasoma. Alikuwa amefika darasa la nne na namba hazikumpa shida. Shingoni mwa fremu palikuwa na namba moja. Tumboni mwa injini palikuwa na namba nyingine kabisa.

Kwa mfugaji, kesi ilikuwa imeisha hapo. Ng'ombe ana alama ya sikio na alama ya chuma cha moto pajani, na zote mbili zinataja boma moja. Ukikuta sikio la boma hili na paja la boma lile, umekuta mikono ya mwizi. Ngoitiko alisimama katikati ya mnada, watu na mifugo wakisikia, akasema: "Doto ameiba moyo wa pikipiki yangu akanitilia moyo wa nyingine." Kadi ya pikipiki ingeweza kuwaamua, lakini ilikuwa imeliwa na mchwa sandukuni miaka mingi nyuma. Doto alisema mara moja tu, "Injini ni ile ile, mzee." Hakupiga kelele wala hakuita mashahidi. Alifunga spana zake kwenye gunia, akaenda kulima mahindi, na hakushika nati tena mpaka alipozikwa mwaka 2011.

Lililomuuma Sikuzani zaidi ya yote lilikuwa salamu. Baba yake alikuwa mdogo kwa Ngoitiko kwa miaka kama kumi, kwa hiyo kila walipokutana mnadani alisimama kando ya njia na kusema, "Shikamoo, mzee." Ngoitiko alipita kama vile pale pamesimama nguzo. Mnada uliofuata, tena: "Shikamoo, mzee." Sikuzani akiwa na miaka saba, mkono wake ndani ya mkono wa baba, aliuliza kwa nini anamsalimia mtu asiyeitikia. "Yeye ni mkubwa wangu," baba alijibu. "Mimi natoa yangu. Kuitikia ni juu yake." Alitoa yake kwa miaka thelathini na mbili, na hakuitikiwa hata siku moja.

Na sasa niseme jambo ambalo Sikuzani hakumwambia mtu, hata mumewe. Alimpenda baba yake mno, lakini yeye mwenyewe alikuwa fundi, na alijua mafundi. Usiku wa matanga, watu wakisoma dua, wazo lilimpitia na halikuondoka tena: mtu asiye na hatia angepiga kelele. Kwa nini wewe ulinyamaza, baba?

*

Lemomo, mtoto mkubwa wa Ngoitiko, alifika kibandani mwezi wa sita mwaka huu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, anayevua kofia anapozungumza na mwanamke. Alisimama mlangoni muda mrefu kidogo.

"Dada Sikuzani, baba hali yake siyo nzuri. Macho yamekwisha, na miguu inaelekea huko huko. Amenituma kitu ambacho naona aibu kukisema."

"Sema tu, kaka."

"Anataka injini yake kabla hajaondoka. Anasema iko kwenu."

Sikuzani alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. "Kwetu hakuna injini! Ilete hiyo pikipiki yenyewe hapa. Nitaichunguza, na nikikuta injini siyo yake, nitakwenda mnadani nitangaze mwenyewe, kwa kipaza sauti, kwamba baba yangu alikuwa mwizi."

Maneno yalipomtoka akatamani kuyarudisha, lakini Lemomo alikwisha kuitikia kwa kichwa. "Dada, na mimi nikwambie ukweli. Kwetu neno alilolitamka mzee hadharani hulirudisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akifa nalo, linabaki hivyo hivyo. Watoto wangu watakua wakijua kwamba kwa akina Doto ni kwa wezi. Mimi silitaki hilo. Lakini siwezi kulifuta mimi."

Pikipiki ilikuja keshokutwa yake juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, imefunikwa ngozi ya ng'ombe. Tangu 1979 ilikuwa imesimama ndani ya kibanda cha ndama na hakuna aliyeipanda. Sikuzani aliivua ngozi ile, akabaki ameshika kiuno. Hakuwa amewahi kuona pikipiki ya namna hii kwa karibu. Silinda moja imesimama wima, nzito, kila kitu cha chuma na aluminiamu, hakuna plastiki hata ya ukubwa wa kucha. Kutu ilikuwa juu juu tu. Alifuta shingo ya fremu, akasoma namba. Akafuta tumbo la injini, akasoma nyingine. Zilikuwa tofauti, kama mzee alivyosema.

Hilo peke yake halikumtisha. Boxer nayo ina namba ya injini na namba ya fremu, na hazifanani. Alimweleza Lemomo, naye akatabasamu kwa huzuni: "Tulishamwambia. Anasema hizo za siku hizi zinatoka kwa wezi tupu." Na kusema kweli, mzee hakuwa amekosea sana. Namba kutofautiana hakukuthibitisha wizi, lakini hakukumwosha mtu pia. Injini ile ingeweza kuwa ya pikipiki yoyote.

Alinyoosha mkono kuchukua spana namba kumi na tatu. Ikacheza. Akachukua kumi na mbili, ikakataa. Akageuka taratibu kuutazama ukuta. Alishusha spana moja ya baba, ile yenye mpini uliochakaa katikati, akaipeleka kwenye nati ya kichwa cha silinda.

Ikaingia, ikatulia, haikucheza hata chembe.

Akashusha ya pili, ya tatu. Kila moja ilikuwa na nati yake kwenye mwili ule, na kila nati ilikuwa ikiisubiri. Miaka yote alizifuta vumbi akidhani ni vyuma vilivyokosa kazi, kumbe kazi yao ilikuwa imefungiwa Msowero na ndama.

*

Vijana wa bodaboda ndio waliomwambia kwamba Mikumi yuko mzee anayeishi na pikipiki za zamani sebuleni. Sikuzani akawasha Boxer yake asubuhi, akapitia kijiji cha Ulaya, akaingia Mikumi mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Mzee Samsoni alikuwa fundi mstaafu wa reli, mfupi, mwenye maneno mengi na mikono mikubwa. Sebule yake kweli haikuwa na makochi. Ilikuwa na pikipiki tatu, na mkewe, Hildegarda, alipita katikati yake akiwa na sinia la chai kama mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye tairi, ni safi. Umesema BSA? Ya mwaka gani? Hujui? Nipe namba, nitakwambia mpaka siku waliyopaka rangi!"

Alikuwa anatania, au ndivyo Sikuzani alivyodhani. Alipomwonyesha spana moja ya baba, Samsoni aliibusu waziwazi. Hicho, alisema, ni kipimo cha Kiingereza cha zamani, hakipimwi kwa milimita, na dunia imekisahau. Kisha akashusha kabatini kitabu kilichochakaa chenye picha ya bunduki tatu zilizoegemezana, na kuanza kueleza. Sikuzani alisahau chai.

Watu wa BSA walianza mwaka 1861, alisema, mafundi bunduki wa mji wa Birmingham waliokubaliana kufanya kazi pamoja. Ndiyo maana ya hizo bunduki tatu. Vita vikipungua, oda za bunduki zinakauka, basi wakageukia baiskeli. "Bomba linaloweza kuwa mtutu linaweza kuwa baiskeli pia. Umeona akili hiyo?" Kutoka kwenye baiskeli wakaingia kwenye pikipiki, mwaka 1910. Vita Kuu ya Pili ilipokuja walitengenezea jeshi pikipiki zaidi ya laki moja za aina moja tu. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja mwaka 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga kiwanda kikiwa kazini. Zaidi ya wafanyakazi hamsini walifia humo, wengine kwenye mashine zao. Waliobaki waliendelea kutengeneza.

"Baada ya vita hapakuwa na kiwanda cha pikipiki kikubwa kama wao duniani. Wenyewe walijisifu kwamba katika pikipiki nne ulimwenguni, moja ni yao. Na leo?" Samsoni alipuliza kiganja chake. "Kufika elfu moja mia tisa sabini na tatu, kwisha. Wajapani walikuja na pikipiki zisizovuja oili, wenyewe wakachelewa kuamka. Majengo yakavunjwa. Pale ukienda leo hukuti mashine hata moja."

Sikuzani alishangaa jinsi alivyosikia uchungu kwa ajili ya kiwanda cha watu asiowajua. Watu elfu na elfu, na kengele zao za kuingia kazini, na jasho lao, vyote vimekwenda, na yeye ameacha kipande cha kazi yao kibandani kwake Kilosa.

"Lakini vitabu vipo," Samsoni alisema, akimimina chai.

"Vitabu gani?"

"Vya getini. Kila pikipiki iliyotoka waliiandika mstari wake: namba ya fremu, namba ya injini, tarehe, inakwenda wapi. Kiwanda kilipokufa, vitabu vilisalimika. Vinatunzwa na chama cha wapenzi wa pikipiki za zamani huko huko Uingereza. Mimi ni mwanachama. Nikiwaandikia, watafungua ukurasa."

Kikombe kilitulia hewani mkononi mwa Sikuzani. Mstari mmoja, namba mbili. Kama namba zile mbili zilitoka getini pamoja, baba yake alikuwa mkweli. Kama hazikutoka pamoja, alikuwa mwizi, na sasa ingekuwa imeandikwa.

"Na kitabu kikisema vingine?" aliuliza.

Samsoni, ambaye alikuwa ameshasimuliwa kisa chote, safari hii hakutania. "Basi kitasema vingine, mwanangu. Hakikujui wewe wala hakimjui baba yako."

Sikuzani akatoka nje. Alisimama kando ya barabara kuu akitazama malori ya Iringa yakipandisha gia. Angeweza kurudi nyumbani. Angeweza kumwambia Lemomo kwamba kutu imekula namba. Mzee angekufa, yeye angeendelea kufuta spana kila Ijumaa, na shaka yake ingekaa palepale ilipozoea. Malori matatu yalipita. Alirudi ndani, akatoa mfukoni karatasi aliyoandika namba zote mbili, akaiweka mezani mbele ya Samsoni.

"Waandikie," alisema.

*

Wiki tatu zilipita. Sikuzani alizimaliza ndani ya injini ile. Pistoni ilikuwa imeganda, akailoweka kwenye dizeli mpaka ikakubali. Alipofungua kichwa cha silinda aliona kazi ya baba yake kwa mara ya kwanza maishani: valvu zimesagwa kwa mkono mpaka zinang'aa, na bushi, ile pete inayoshika pini ya pistoni, imechongwa upya, kwa shaba, na mtu aliyekuwa hana mashine ila tupa na subira. Aliipitishia kidole, akalia kidogo, akaendelea.

Picha ilifika kwenye simu saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa na oili. Aliifungua kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa ni ukurasa wa daftari kubwa, mwandiko wa kalamu ya wino, umelala vizuri kwenye mistari. Samsoni alikuwa amezungushia duara mstari mmoja. Namba ya fremu. Mbele yake, kwenye mstari huo huo, namba ya injini. Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1952. Dar es Salaam.

Alisoma namba moja moja, akainuka akazilinganisha na chuma, akarudi akasoma tena. Kisha akakaa chini, sakafuni, kwenye oili na vumbi, akaweka simu mapajani. Mtu fulani, Jumanne moja, alichovya kalamu. Hakujua Kilosa ni kitu gani. Doto alikuwa mtoto mchanga bado. Mtu yule alikuwa anafanya kazi yake tu, na aliifanya vizuri, na baada ya yeye kufa na kiwanda kufa na jengo kuvunjwa, mkono wake ulikuwa umefika hapa, kumtetea fundi mweusi ambaye hakupata kumjua. Sikuzani aliogopa, ile hofu ya mtu aliyesimama karibu na kitu kikubwa kuliko yeye.

"Nisamehe, baba," alisema kwa sauti.

*

Sikuzani na Lemomo walifika Msowero alasiri, pikipiki nyuma ya kirikuu. Mzee Ngoitiko alikuwa ameketi mbele ya boma kwenye kigoda, blanketi mabegani, macho meupe yameelekezwa kwenye sauti za ndama. Lemomo akamwambia kwa Kimaasai ni nani amekuja.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikuzani.

Mzee hakuitikia. Ndama waliendelea kulia. Sikuzani alikuwa ameitegemea, lakini bado ilimchoma palepale pa zamani.

"Wameleta injini yangu?" mzee aliuliza, kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie.

"Nimeleta kitabu, mzee. Cha kiwandani. Walioitengeneza waliandika namba zake siku ilipotoka."

"Karatasi huandikwa na yeyote." Akamgeuzia sikio. "Kinasemaje? Soma. Usisome haraka."

Sikuzani alisoma namba ya fremu, tarakimu moja moja. Mzee alitikisa kichwa kukubali kila moja, midomo ikimfuata. Alipomaliza akavuta pumzi aanze ya injini, lakini mzee aliinua mkono, akaitamka yeye mwenyewe. Tarakimu zote, bila kukosea hata moja. Alikuwa amezibeba miaka arobaini na sita, namba ya mwizi, akingoja siku atakayoikuta kwenye fremu ya pikipiki ya mtu mwingine, iliyobeba injini yake.

"Ndiyo hiyo," Sikuzani alisema. "Hiyo hiyo. Imeandikwa mstari mmoja na ya fremu."

Mkono wa mzee ulibaki juu. "Mstari mmoja."

"Mstari mmoja, mzee. Ilizaliwa na namba mbili."

"Aliyeandika yuko wapi?"

"Sijui. Atakuwa alishakufa. Hata kiwanda chenyewe kilikufa, zaidi ya miaka hamsini."

"Kimekufa," mzee alirudia, "na alama za wanyama wake wote bado zimetunzwa?" Alisema kitu kwa Kimaasai, taratibu, na Lemomo hakukitafsiri. Kwa mtu aliyetumia maisha yake yote kujua mnyama gani ni wa nani, hakuna jambo kubwa kuliko hilo lingeweza kuletwa mlangoni pake. Aliinama, akakaa hivyo mpaka Lemomo akadhani amesinzia. Kisha akasema, "Iwasheni."

Waliishusha. Sikuzani alifungua petroli, akainua leva ya kufungulia valvu, akakanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu BSA ikakohoa moshi, ikashika. Ilinguruma laini, moja, moja, moja, bila kugonga, na ng'ombe walioanza kurudi kutoka malishoni walisimama wakatega masikio.

"Ule mlio wangu wa zamani," mzee alisema kwa nguvu, juu ya sauti ya injini. "Ngo-ngo-ngo. Ulikwenda wapi?"

"Ulikuwa ugonjwa, mzee. Bushi ilikuwa imekwisha. Baba aliuponya."

Ngoitiko alisikiliza. Machozi yalimtoka kwenye macho yale yasiyoona, naye hakuyafuta. Alimpa Lemomo mkono, akainuliwa, akasimama wima kadiri mgongo ulivyokubali. Aligeukia kule injini ilikokuwa, siyo kule aliposimama Sikuzani.

"Marahaba," alisema.

Sikuzani alidhani ni salamu yake imechelewa kuitikiwa, akafungua mdomo ajibu. Lakini mzee alikuwa bado anaendelea.

"Marahaba, Doto. Hukuniibia kitu. Marahaba." Akavuta blanketi mabegani. "Shikamoo yako niliisikia kila mnada. Marahaba. Marahaba."

Aliendelea kuitikia, moja baada ya nyingine, akipumzika kidogo katikati, kama mtu anayejua zilivyokuwa nyingi. Injini iliendelea kunguruma, na hakuna aliyekwenda kuizima.